Nyumba ya Mkwe Hailaliwi

Wanaosema hasira ni hasara hawakuwahi kukutana na Gesare wa Keumbu. Yeye hasira ilimjengea nyumba ya mabati, ikamsomeshea binti mpaka chuo, ikamfukuzia chui shambani (majirani wenye wivu husema alikuwa mbwa), na mwishowe ikamvusha bahari akiwa na miaka sitini na minne, pasipoti mkononi.

Siku hasira hiyo ilipoanza safari, ilikuwa imeketi naye kwenye benchi la saiba ya Jasper, duka lake la intaneti pale sokoni Keumbu, nyuma ya wauza ndizi. Jasper, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akimjazia fomu ya viza kwenye kompyuta.

"Mama Lorna, tumefika swali la ishirini na nane."

"Hao watu wanauliza kama wake wenza. Haya, leta."

"Wanataka kujua kama umewahi kunyimwa viza."

Gesare alifungua Biblia yake, kwenye kitabu cha Maombolezo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Jasper hakuhitaji kuisoma. Keumbu nzima ilijua kilichoandikwa humo: *Hatujaridhika kwamba utarudi nchini kwako.*

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Lorna, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa na Bosire, kijana wa Ogembo, nao wakahamia nchi moja ya theluji ambayo jina lake tutaliacha lilipo. Lorna akapata mimba, akamwita mama yake. Gesare akaomba viza, wakamwandikia karatasi hiyo. Wiki tatu baadaye Lorna alizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wakamzika kwenye ardhi ngumu kama chuma, na hapakuwa na mama wa kumshika Lorna kiuno asianguke. Gesare alipata habari akichuma majani chai. Watu wanaapa kwamba tangu siku hiyo mchai aliokuwa ameushika haujawahi kuota jani tena.

Sasa Lorna alikuwa na mimba nyingine, tena pacha. Daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani, asinyanyue hata sufuria, mpaka ajifungue. Bosire alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Basi mtu wa kumgeuza Lorna kitandani na kumpikia uji alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa ameketi kwa Jasper, akinuka moshi wa kuni na mafuta ya kujipaka.

"Andika nilinyimwa," alisema. "Na uandike hawakuwa na adabu."

"Hapo pa adabu hapana nafasi, Mama."

"Walijua kwa nini hawakuiweka."

Jasper akaendelea. Akafungua barua ya mwaliko ambayo Bosire alikuwa ameituma, akaisoma kwa sauti, akiigeuza kwa Kiswahili ili mama asikie. "Mimi, Bosire, ninamwalika mama mkwe wangu. Ataishi nyumbani kwangu kwa muda wa miezi mitatu..."

"Simama hapo. Rudia."

"Ataishi nyumbani kwangu."

Gesare akanyanyuka taratibu, kama maziwa yanavyonyanyuka kwenye sufuria kabla ya kufurika.

Ni lazima ieleweke: kwa Wakisii kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya ya watu wa ukwe. Mama mkwe na mwanamume aliyemwoa binti yake hawapeani mkono, hawaketi kochi moja, na hawalali chini ya paa moja, hata mawe yanyeshe. Mama yake Gesare, marehemu Nyanchera, aliwahi kunyeshewa huko kwa wakwe zake akakataa kuingia. Alisimama chini ya mgomba siku mbili. Alipofika nyumbani, uyoga ulikuwa umeota kwenye shuka lake, nao wakaupika, ukawa mtamu. Hiyo ndiyo damu aliyotoka Gesare.

"Mimi nilale nyumba ya Bosire? Nisikie akikoroma? Nikutane naye akitoka bafuni na taulo? Huyo kijana theluji imemwingia kichwani! Nilimpa binti, sikumpa ruhusa ya kunivua nguo mbele ya watu!"

Wauza ndizi waliacha kupatana bei wakageuka. Inasemekana ndizi zilizokuwa mbichi asubuhi hiyo ziliiva kabla ya saa sita.

"Mama Lorna, huko nyumba ina vyumba vingi," Jasper alibembeleza.

"Paa ni ngapi?"

"Paa... moja."

"Basi! Andika nitalala kwa jirani."

"Jirani gani, Mama? Watataka jina, simu, anwani. Na barua ikisema hivi, fomu ikisema vile, watakunyima tena. Unataka Lorna awe peke yake tena?"

Hapo Gesare akaketi. Alitazama ile karatasi ya mwaka juzi muda mrefu. "Fanya unavyojua," alisema, "lakini usinisomee."

Jasper akaandika kwamba atalala kwa Bosire, hakumsomea, naye akatia sahihi akiangalia ukutani.

Mahojiano ya Nairobi hayakumshinda. Waliuliza tena atarudi kwa sababu gani. Gesare akawatolea picha ya kaburi la mumewe Machogu, kando ya migomba, na nafasi tupu pembeni yake iliyozungushiwa mawe. "Hiyo ni yangu," alisema. "Imeshapimwa. Mnafikiri nitamwachia nani?" Msichana wa dirishani akapiga mhuri.

Asubuhi ya safari, Jasper alikuja mpaka steji kumuaga, akainama kwenye dirisha la gari. "Mama, sikiza. Ukifika uwanja wa ndege watakuuliza utalala wapi. Jibu ni maneno mawili: kwa Bosire. Usiongeze chumvi. Maneno mawili tu, halafu unaenda kwa mtoto wako."

"Nitasema," Gesare alijibu, akikaza meno. Angani alijizoeza. Kwa Bosire. Kwa Bosire. Kila alipoyasema, mate yalikuwa machungu kama mwarobaini, na mzungu aliyeketi naye akahamia kiti kingine.

Alifika saa nne asubuhi. Alipita kwenye ushoroba mrefu wa vioo, nje kukiwa kweupe kama unga uliomwagika. Akapanga foleni na watu wa kila rangi, wote wakiwa na sura ya watoto walioitwa na mwalimu mkuu. Afisa aliyemfikia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alitazama pasipoti, akatazama kompyuta, akaona kwamba huyu aliwahi kunyimwa. Akamwita pembeni, kwenye chumba chenye meza moja na simu.

Simuni mlikuwa na mkalimani, mwanamke mwenye Kiswahili cha Pwani kilichonyooka kama mkeka mpya.

"Shikamoo, mama. Afisa akuuliza, umekuja kwa shughuli gani?"

"Marahaba. Nimekuja kwa mtoto wangu. Yuko na mimba ya pacha na ameambiwa asiamke."

"Nawe hapa utalala wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Mlango wa nchi nzima ulikuwa umefungwa kwa komeo la maneno mawili, na maneno hayo aliyabeba mdomoni tangu Keumbu. Gesare alifungua mdomo ayaseme. Mungu shahidi, alitaka kuyasema. Lakini akamwona Bosire akitoka bafuni na taulo.

"Si kwa Bosire!" ilitoka sauti mpaka kioo kikatikisika. "Niseme ukweli mbele ya Mungu, siwezi lala nyumba ya mkwe. Mimi? Kama nani? Aliandika barua yake ya ujinga bila kuniuliza, kijana asiye na haya!"

Mkalimani alitafsiri, polepole. Afisa akavaa miwani.

"Mama, afisa asema karatasi zako zote zataja nyumba ya Bosire. Wewe wasema huwezi. Lipi la kweli?"

"Yote ni ya kweli."

"Asema hayawezi kuwa kweli yote mawili."

"Kwa nini yasiweze? Mchana nitakuwa huko. Nitapika, nitafua, nitamgeuza mtoto wangu. Jua likienda, natoka."

"Watoka waenda wapi?"

Tangu saiba ya Jasper, Gesare alikuwa ameshughulika na kukasirika, hakuwahi kulitafutia swali hilo jibu.

"Kwa jirani," alisema mwishowe.

"Jirani yupi?"

"Yeyote mwenye adabu."

Afisa aliandika. Aliandika muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa, na kila herufi ilimkwaruza Gesare moyoni. Kisha akazungumza bila kuinua kichwa.

"Mama," mkalimani alisema, na Kiswahili chake kikapungua mbio, "afisa asema una ndege ya kukurudisha saa kumi alasiri."

Kwanza Gesare alijikasirikia mwenyewe. Aliukasirikia ulimi wake, akatamani aung'oe autupe kwenye lile pipa la pembeni. Maneno mawili tu! Mtu anashindwa maneno mawili, na mtoto wake amelala anahesabu misumari ya dari! Halafu hasira ikageuka ikatazama mbele. Alifungua Biblia, Maombolezo, akaitoa ile karatasi na kuibandika mezani kwa kiganja hivi kwamba kalamu ya afisa iliruka.

"Msomee hiyo! Mwaka juzi walisema sitarudi kwetu, kwa hivyo nisije. Leo nimekuja, wananirudisha kwetu! Wanataka nini hawa watu? Niwe na matako mawili, moja Keumbu moja hapa? Mwambie mjukuu wangu amezikwa kwa hii barafu yao. Sijui hata ni upande gani. Lorna alimzika peke yake kwa sababu ya hii karatasi. Sasa yuko na wawili. Wawili! Mwambie kama ananirudisha, aandike karatasi nyingine, aandike vizuri, kwa sababu ninaziweka. Nitazikwa nazo. Nikifika juu nitazionyesha."

Mkalimani alipoanza kutafsiri, aliacha katikati, akasafisha koo, akaendelea.

Afisa alivua miwani. Alitazama karatasi ile iliyochakaa kwenye mikunjo. Hakusema pole, watu wa kazi ile hawana neno hilo. Akatafuta namba kwenye barua ya mwaliko, akaibonyeza kwenye simu ile ile, kisha akajiwekea kidole mdomoni, akimtazama Gesare: kimya.

"Afisa asema atamuuliza mkweo yale yale," mkalimani akanong'ona. "Nawe usimwambie kitu."

Simu ikaita mara moja tu.

"Halo? Ndiyo, mimi Bosire. Niko hapa nje. Kuna shida?"

Afisa akamwamuru ajibu kwa Kiswahili, mkalimani apokee.

"Bwana Bosire, mama mkweo atalala wapi?"

"Nyumbani kwangu, na Lorna."

Gesare alifumba macho. Ndiyo huyo, alisema moyoni. Hana haya hata mbele ya serikali.

"Nawe utalala chumba gani?"

"Mimi?" Bosire alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyeulizwa kama anakula mawe. "Mimi sitakuwepo."

"Wamaanisha uko kazini?"

"Hapana, dada. Mama mkwe akiingia, mimi natoka. Nilishahamisha nguo zangu Jumapili. Niko kwa rafiki yangu Ochoki, mtaa wa pili."

"Kwa miezi yote mitatu?"

"Hata akikaa mwaka."

"Ni mama mwenyewe aliyekuamuru?"

"Aniamuru nini? Hatujazungumza hayo. Tutazungumzaje hayo na yeye ni mama mkwe? Mimi nimezaliwa Ogembo, dada, sikuokotwa."

Afisa aligonga ile barua kwa kucha. Mkalimani akauliza kwa niaba yake: mbona basi uliandika kwamba ataishi nyumbani kwako?

"Ndiyo ataishi. Waliuliza mgeni ataingia nyumba gani. Hawakuuliza nani atatoka."

Afisa alimtazama Gesare. Gesare alitazama dari. Swali la mwisho lilikuja polepole, kama mtu anayetega: Na theluji ikifunga barabara usiku mmoja, usifike kwa Ochoki, je, mtalala wote hapo?

"Nitalala kwa gari," Bosire akasema.

Afisa akafunika simu kwa mkono, akamwelekezea Gesare kalamu. Mkalimani akarudia swali hilo hilo, kwa sauti ya chini.

"Nitatoka nikae kwa hiyo gari mimi," Gesare akasema. "Yeye ni mtu wa kazi, alale."

Afisa alimsikiliza mkalimani mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sura yake haikuwa imezoea: alitabasamu, upande mmoja tu, kama mlango uliokwama. Akauvuta mhuri, akaupiga kwenye pasipoti kishindo kimoja, miezi mitatu kamili. Alisema neno refu, na mkalimani akacheka kabla ya kulitafsiri.

"Mama, afisa asema karibu. Asema pia kuwa mama mkwe wake ameishi naye mwaka wa sita sasa, chini ya paa moja. Ataka kujua desturi yenu hiyo yapatikana wapi, na kama wageni huruhusiwa kujiunga."

Gesare hakucheka. Alichukua karatasi yake mezani, akaikunja mara nne, akairudisha Maombolezo. Hasira ya karatasi ile ilibaki palepale. Lakini ile hasira nyingine, ya Bosire, aliyoilisha na kuinywesha tangu Keumbu, ilikuwa imefiwa ghafla na mtu iliyemlenga. Haikujua iende wapi. Ilipoona mbwa wa forodha akinusa furushi lake la unga wa wimbi, ikamrukia huyo.

"Nusa haraka uondoke! Huo ni uji wa mzazi, si wako!"

Mbwa alikaa chini. Wanaojua mbwa wanasema alikuwa akisalimia.

Nje ya milango, watu walikumbatiana na kupigana busu. Gesare alitafuta. Akaona nguzo, na nyuma ya nguzo bega la koti, na karibu na nguzo mwanamke aliyebeba blanketi zito, akija mbio.

"Mama, mimi ni Sheila, mke wa Ochoki. Wewe utapanda gari langu. Bosire atafuata nyuma na mizigo."

"Mbona anajificha?"

"Hajajificha, Mama. Amekupisha."

Bega lile liliinama kidogo. Gesare naye akageuza uso upande, kama inavyostahili, akaiambia hewa iliyo kati yao, "Habari ya huku."

"Nzuri, Mama," nguzo ikajibu. "Karibu sana."

Hawakusema zaidi.

Nyumba ilikuwa ndogo, paa moja kama Jasper alivyosema. Lorna alikuwa amelala ubavu, uso umejaa, macho yamekonda. Alipomwona mama yake mlangoni hakulia. Alitoa tu mkono kwenye blanketi, naye Gesare akaushika kwa mikono miwili iliyokakamaa kwa majani chai. Kisha akalishika tumbo. Likampiga teke, na kabla hajaondoa mkono likampiga la pili, upande mwingine.

"Wamekasirika," alisema.

"Wamekuwa hivyo tangu asubuhi, Mama. Tangu Bosire anipigie kuwa umezuiliwa."

"Wazuri. Wakae hivyo hivyo."

Aliingia jikoni, akafungua kila kabati mpaka akapata sufuria anayoiheshimu. Alikoroga uji wa wimbi, mzito, akamnywesha Lorna kikombe cha kwanza kwa mkono wake, akisubiri kila funda limezwe. Alipokuwa akimgeuza upande wa pili, akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Huko kwa Ochoki analala wapi?"

"Kwa kochi, sebuleni."

"Kochi ndefu?"

Lorna akacheka kwa mara ya kwanza. "Fupi, Mama. Miguu yake inaning'inia nje. Sheila anasema wanairuka wakipita."

Gesare alisimama. Shingo ilimvimba. Ikaja tena, ile rafiki yake ya zamani, sasa imepata pa kukaa.

"Mtu anafanya kazi usiku kucha, anageuza wazee wa watu, halafu analala miguu nje kama kuku wa kuuzwa! Na wewe umenyamaza! Na huyo Ochoki anaruka miguu ya watu nyumbani mwake, hawezi kununua kochi ya mtu mzima? Hawa vijana wa ng'ambo hawana akili hata moja!"

Akaipata chupa ya chai, akaimiminia uji mpaka ukafika shingoni, akafunga kifuniko kwa nguvu za mtu anayemnyonga adui. Sheila alikuwa mlangoni akivaa viatu ili aondoke. Gesare akamtia chupa mikononi.

"Mpelekee. Mwambie anywe yote kabla hajalala. Na asinitumie asante," alisema, akirudi kwa Lorna. "Mwambie bado nimekasirika."